Bastola Zilikuwa Wapi Walipokumbatiana

Nilikuwa nimejiandaa kusikia kishindo. Badala yake nikasikia "tak", kama mtu anayevunja kijiti kikavu cha kuwashia moto, kisha "tak" nyingine, kisha nyingi kwa pamoja, kama mahindi yanayoanza kupasuka kwenye chungu. Hata hivyo mabega yangu yalikuwa yamepanda hadi masikioni. Msichana wa Kichina aliyeketi karibu nami, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliniuliza kama nasikia baridi. Ilikuwa Agosti, na nje ya ukumbi joto la Beijing lilikuwa la kumvua mtu shati. Nikamjibu ndiyo, ni hiki kiyoyozi chenu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, 10 Agosti 2008, katika ukumbi wa kulenga shabaha ulioko Shijingshan, magharibi mwa jiji. Wanawake 44 walikuja kushindana kwa bastola ya hewa, mita 10. Mimi nilikuwa na miaka 26, binti wa Rumangabo niliyekwenda China kusoma udaktari wa mifugo, nimevaa shati la rangi ya buluu na nyeupe la watu waliojitolea. Walinichukua kwa ajili ya Kifaransa. Kifaransa ni lugha rasmi ya Olimpiki, na Wakongomani tuliokuwa vyuoni Beijing tulijikuta ghafla tuna thamani. Niseme ukweli wote: siku ile niliulizwa maswali matatu tu kwa Kifaransa, na mawili kati yake yalihusu choo. Muda uliobaki nilitazama.

Nimelisimulia tukio lile mara nyingi kwa karibu miaka ishirini, na kila mara watu hutaka nifike haraka kwenye kukumbatiana kwa washindi wawili jukwaani. Picha waliiona. Lakini mimi siwezi kuanzia hapo, kwa sababu sikuingia ukumbini nikiwa mtu asiyejua bunduki.

Rumangabo iko kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, chini ya mlima Mikeno, mahali ambapo ukichimba kidogo tu unagonga jiwe la volkano. Ina makao makuu ya hifadhi ya Virunga, ile ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1925 kwa jina la mfalme wao Albert, na ina kambi ya jeshi. Kwa hiyo sisi watoto tulikulia kati ya bunduki za aina mbili, za walinzi wa wanyama na za askari. Papa, baba yangu, alikuwa mlinzi wa hifadhi. Risasi kwetu tunaziita masasi, na neno hilo halina kipimo: masasi moja, masasi mia, yote ni masasi. Askari walipofanya mazoezi asubuhi tulihesabu milio kutoka shambani kwa maharage, na walipoondoka tulikimbilia maganda ya shaba. Ukilipuliza ganda kwa ukingo wa mdomo linalia kama filimbi. Nilikuwa nayo manne, nimeyapanga kwa ukubwa.

Mwaka 1988, wakati mimi nina miaka sita na maganda yangu manne, msichana wa miaka 19 kutoka Tbilisi alisimama kwenye Olimpiki ya Seoul akashinda dhahabu ya bastola ya mita 25, kisha fedha ya bastola ya hewa. Jina lake Nino Salukvadze. Alilenga chini ya bendera ya Muungano wa Sovieti, na kocha wake alikuwa baba yake mzazi. Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Wanawake wenyewe walikuwa wageni katika mchezo huo: mashindano yao ya bastola yaliingia Olimpiki mwaka 1984 tu, Los Angeles, ambako Linda Thom wa Kanada, mama wa watoto wawili aliyesomea upishi Paris, alilingana alama na Mmarekani Ruby Fox ikabidi wapige tena, akamshinda kwa alama moja.

Oktoba 1996 vita vilifika kambini kwetu. Nilikuwa na miaka 14. Sitaki kueleza mengi. Aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo amesikia vya kutosha. Jambo moja tu nitalitaja. Papa alitufundisha kwamba mlio unaotanguliwa na mluzi umekwisha kukupita, na ule unaosikika kama kijiti kinavunjika karibu na sikio, huo ndio wa kulalia chini. Tulilala nyuma ya ukuta wa mawe ya volkano, kisha tukashika njia ya Tongo kwa miguu. Maganda yangu niliyaacha chini ya kitanda.

Sasa unaelewa kwa nini mabega yalipanda.

Bastola ya hewa haina baruti. Hewa iliyoshindiliwa ndiyo inayosukuma punje ya milimita 4.5, na punje hiyo inatakiwa kugonga duara la alama kumi ambalo upana wake ni milimita 11.5. Tazama ukucha wa kidole chako cha shahada, ndio huo. Mlengaji anasimama mita 10 kutoka hapo, kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili hauruhusiwi kusaidia, kwa hiyo wengi huutia mfukoni, na hili lilinishangaza kuliko yote. Nilizoea kuona bunduki ikishikwa kwa mikono miwili na mwili mzima ukiwa nyuma yake. Hapa walisimama kiubavu, mkono mfukoni, kama watu wanaosubiri basi. Wananyanyua, wanashusha taratibu, wanatulia. Mara nyingine wanaghairi, wanaiweka mezani, wanapumua, wanaanza upya. Sijawahi kumwona mtu mwenye silaha kule kwetu akighairi kwa sababu tu pumzi yake haikukaa sawa.

Mchujo wa wakati ule ulikuwa punje 40 kwa dakika 75, jumla ya juu alama 400. Mrusi Natalia Paderina alipata 391. Guo Wenjun, mwenyeji, alipata 390. Salukvadze, ambaye sasa alikuwa na miaka 39 na bendera ya tatu maishani mwake, alipata 386. Ya kwanza ilikuwa ya Sovieti, ya pili ile ya muungano wa muda wa mwaka 1992, ya tatu ya Georgia. Sisi wa Zaire tuliogeuka kuwa wa Kongo tena katikati ya shule ya sekondari tunalielewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Kutoka Kongo, Rwanda, Burundi wala Uganda hakukuwa na mwanamke hata mmoja kwenye mstari ule, na nilijikuta nikijiuliza kama nasikitika au nashukuru.

Siku mbili kabla, usiku wa kuamkia siku ya ufunguzi, vita vilikuwa vimelipuka kati ya Georgia na Urusi kwa ajili ya Ossetia Kusini. Tulitazama fataki za Beijing kwenye skrini moja na vifaru kwenye nyingine. Miongoni mwa waliojitolea habari zilizunguka kwamba timu ya Georgia inafikiria kufunga mizigo. Asubuhi ile nilimtafuta Salukvadze kwa macho, nikitaka kuona anavyofanana mtu ambaye nyumbani kwake kunapigwa mabomu naye yuko hapa anasafisha bastola kwa kitambaa. Alifanana na mwalimu wa shule. Uso umefungwa, miwani, nywele zimekazwa nyuma. Hakuna kilichosomeka. Nilimwelewa kupita kiasi. Julai ya mwaka uliotangulia, Papa alikuwa amenipigia kunieleza namna walivyowabeba sokwe wa familia ya Rugendo waliouawa kwa masasi, mmoja mmoja juu ya miti, watu kumi na kitu kwa mzigo mmoja, na siku ya pili nilikwenda kufanya mtihani wa anatomia. Nilifaulu. Mtu huwa anaendelea.

Fainali ilikuwa ya watu wanane, mapigo kumi, kila pigo likihesabiwa hadi sehemu ya kumi ya alama, kiasi kwamba pigo kamili ni 10.9. Wachina walijaza viti hadi ngazini. Kabla ya kila pigo ukumbi ulikuwa kimya mpaka nikasikia saa ya mkononi ya jirani yangu; baada ya pigo, kelele. Guo alilenga kama mtu asiyesikia lolote kati ya hayo mawili. Alipata 102.3 kwenye yale kumi, jumla 492.3. Paderina, aliyeingia akiongoza, alitetereka, akamaliza na 489.1. Salukvadze alimpita Paderina katika mapigo ya fainali, 101.4 kwa 98.1, lakini pengo la mchujo lilikuwa kubwa: 487.4, shaba. Miaka ishirini ilikuwa imepita tangu dhahabu yake ya Seoul. Miaka minne baadaye, London, Guo angeshinda tena, lakini jina lake kwenye simulizi la siku ile limefunikwa, na hilo naliona ni dhuluma ndogo. Mshindi wa Jumapili ile alikuwa yeye.

Kisha likaja jukwaa. Paderina na Salukvadze, waliokuwa wakijuana kwa miaka mingi kwenye mashindano, walishikana, wakakumbatiana, wakabusiana shavuni. Kamera zililia kwa wingi kuliko bastola za asubuhi nzima. Msichana wa Kichina jirani yangu alitokwa na machozi. Mimi nilikasirika. Nilikaa pale na shati langu la buluu nikiwaza: na huko Gori, Georgia, je, wamesimama? Siku mbili baadaye silaha zilianza kutulia, lakini zilitulizwa na Rais Sarkozy wa Ufaransa aliyekuwa akipanda na kushuka ndege kati ya Moscow na Tbilisi. Hazikutulizwa na busu. Kwa muda mrefu nilibaki na hasira ile, na sina hakika kwamba ilikuwa ya makosa.

Kwetu, mwezi wa Januari mwaka huo huo, makundi yenye silaha yalikuwa yametia saini Goma, mbele ya kamera, hati ya kuahidi amani. Watu walikumbatiana hapo pia. Tarehe 8 Oktoba kambi ya Rumangabo ilitekwa na waasi wa CNDP, jeshi likairudisha, na tarehe 26 Oktoba ikatekwa tena, safari hii pamoja na makao makuu ya hifadhi. Nilikuwa chumbani Beijing, usiku, kompyuta ikinionyesha jina la kijiji changu kwa herufi za Kilatini katikati ya habari ya Kichina. Nilipiga simu mara kumi na mbili. Ya kumi na tatu ikapokelewa.

"Papa, mko wapi?"

"Porini, Mama." Aliniita Mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake.

"Na wengine?"

"Tuko wengi. Sikiliza, usipige tena. Simu inalia."

Akakata. Alikuwa akinong'ona, na nyuma yake nilisikia watu wanavyokanyaga majani. Walinzi walitembea kwa miguu kupitia msituni kuelekea Goma. Wa kwetu alifika akiwa na kiatu kimoja na mguu wa pili umefungwa gunia. Wiki kadhaa baadaye walinzi waliruhusiwa kurudi kazini, chini ya waasi, kwa sababu sokwe hawangojei serikali. Naye alirudi.

Nilimaliza masomo mwaka 2011 nikarejea. Papa alikuwa anakaribia kustaafu. Jioni moja, tukiwa tumeketi nje, moshi mwekundu wa volkano ya Nyiragongo upande wa kusini, aliniomba nimweleze "ule mchezo wa bunduki wa wanawake". Nilimweleza kila kitu: milimita, pumzi, mkono mfukoni.

"Walikuwa wanalenga nini?"

"Shabaha ya karatasi zamani, Papa. Siku hizi ni mashine inayohesabu."

"Na kikishapigwa?"

"Wanahesabu alama, wanakwenda kula."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu nikamfikisha kwenye kukumbatiana, nikisubiri acheke tena. Hakucheka. Alifikiri kidogo, akauliza kama mtu anayeandika ripoti ya doria:

"Bastola zilikuwa wapi walipokumbatiana?"

Hakuna mwandishi wa habari aliyewahi kuniuliza hivyo, wala mimi sikuwahi kujiuliza. Ilibidi nirudi ukumbini kwa kumbukumbu, hatua kwa hatua. Pigo la mwisho. Mwamuzi anatoa amri ya kusimama. Kila mwanamke anaifungua bastola yake, anaiweka mezani, mdomo ukielekea shabaha. Hakuna anayegeuka. Hakuna anayemkimbilia mwenzake, hata Guo aliyejua ameshinda alisubiri. Mwamuzi anapita meza moja baada ya nyingine, anainama, anatazama ndani ya kila bastola kwamba haina kitu. Mpaka amemaliza ya mwisho ndipo mikono inainuliwa, ndipo kelele. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu mara mbili siku ile, kwenye mchujo na kwenye fainali, nikalichukulia kuwa ni urasimu, kama kugonga mhuri.

"Zilikuwa mezani, Papa. Wazi. Zimekaguliwa."

"Zote?"

"Zote nane."

Alitikisa kichwa polepole. "Sisi wakubwa wetu walikumbatiana Goma bunduki zikiwa mgongoni," akasema, akaingia ndani kuchukua sweta.

Mwaka uliofuata, Julai 2012, waasi wa M23 waliichukua Rumangabo. Oktoba 2013 jeshi likairudisha. Baadaye kidogo hifadhi ilianza kuajiri walinzi wanawake, na binti wa jirani yetu, niliyemfahamu akiwa bado anabebwa mgongoni, alivaa sare. Papa, sasa mstaafu mwenye fimbo, alikwenda kumtazama siku ya mazoezi ya shabaha. Alirudi akiwa na hoja moja tu, si juu ya kulenga: kwamba baada ya mazoezi yule binti alifungua chemba, akamwonyesha mkufunzi, ndipo akageuka. "Kama wale wako," akaniambia, kana kwamba wanawake wale 44 walikuwa mali yangu. Sijui kama alikuwa anasema kweli au alitaka kunifurahisha. Ni utaratibu unaofundishwa kwenye kila uwanja wa shabaha duniani, kwa hiyo huenda ni kweli. Ila nje ya uwanja wa shabaha, katika maisha yangu yote ya Rumangabo, sikuwahi kuona mtu akimwonyesha mwingine kwamba bunduki yake haina kitu.

Tarehe 24 Aprili 2020 walinzi 12 waliuawa karibu na makao makuu, pamoja na dereva na raia waliokuwa njiani. Papa hakuiona siku hiyo. Alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Binti wa jirani hakuwa zamu.

Salukvadze aliendelea. Mwaka 2016 alikwenda Rio pamoja na mwanawe Tsotne, wote wawili walengaji, mama na mtoto katika Olimpiki moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mwaka 2024, akiwa na miaka 55, alishiriki Olimpiki ya kumi mfululizo, na hakuna mwanamke mwingine aliyefika huko. Mashindano ya Paris ya kulenga shabaha yalifanyika mbali na Paris, Châteauroux, na mimi niliyatazama Goma kwenye simu, mtandao ukikatika na kurudi. Hakupata medali. Sikujali alama zake. Nilisubiri mwisho wa mchujo ili nione mikono yake: alifungua, akaweka mezani, akasubiri akaguliwe. Karibu miaka arobaini amekuwa akifanya hivyo. Vitukuu vya Rumangabo vitazaliwa na kuzeeka bila kumjua, na hakuna ubaya.

Kadi yangu ya Beijing, yenye picha ya msichana asiyetabasamu, niliitundika ukutani nyumbani kwa Papa, juu ya kofia yake ya kazi. Amezikwa nyuma ya nyumba hiyo, upande wa juu wa barabara, na nilipanda maua mekundu kuzunguka mawe. Mwishoni mwa mwaka 2022 M23 waliingia tena Rumangabo. Mara ya mwisho kulipalilia kaburi lake ilikuwa Agosti mwaka huo.